Dawa ya Soli

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa leo na msimamizi wa zamu, yule tunayemwita Bwana Haraka. Sharti lake ni moja: kila siku ya mvua niandike hali ya hewa na idadi ya viatu vilivyobanduka soli. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema mwandiko wangu unasomeka. Hilo ni kweli na sitajitia unyonge. Chumba chetu cha gundi kina watu ishirini na saba, na kila mwenye barua ya kuandika huniletea mimi. Ndiyo maana wananiita Karani, ingawa kazi yangu ni kupaka soli kama wao na kuwasimamia, mwaka wa kumi na moja sasa.

Mvua imeanza saa nne. Tumefunga madirisha yote, maana unyevu ukiingia gundi inafanya utando mweupe na soli haishiki. Vilivyobanduka: vinne.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sita.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kumi na moja, na saba kati ya hivyo ni vya meza ya mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu wanamwita Cheche, kwa sababu ya ulimi wake. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa miaka minne iliyopita, kwa hiyo akiharibu, aibu ni yangu. Leo nimemkuta amelaza kichwa juu ya rundo la soli, saa tano asubuhi, watu wote wanaona. Nikamwambia kama usingizi unamzidi arudi kwa mama akabebwe mgongoni. Watu wakacheka. Yeye hakunijibu kitu. Cheche kukosa jibu ni jambo la kuandikwa, ndiyo maana nimeliandika.

Nyumbani tunakaa wanne: mama yetu, mimi, Cheche na binti yake wa miaka sita ambaye ananiita mama mkubwa. Jioni mama akaniambia nipunguze ukali, mwenzangu amepauka. Nikasema amepauka kwa kukesha na simu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Tisa. Daftari hili lina kurasa nyingi kuliko viatu, kwa hiyo nitakuwa naandika na mengine.

Kwa mfano Mzee wa Stoo. Kila asubuhi anatuletea dawa kutoka kwenye mapipa na kutumiminia kwenye makopo yetu, amevaa glavu ndefu na barakoa alizonunua mwenyewe. Akimaliza anatoka upesi, hata salamu anazimalizia mlangoni. Tunamwita Daktari wa Mapipa. Leo Cheche amemwomba ampime mapigo ya moyo, chumba kizima kikavunjika mbavu, na mimi nikiwemo. Mzee hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Zimekuja fomu za afya za kila mwaka. Ofisi inazitaka kabla ya saa nane, na kama kawaida kazi imeniangukia mimi. Maswali ni kumi na mawili. Umri, uzito, kikohozi, macho. Swali la saba linasema: Je, katika kazi yako unashika kemikali au unavuta hewa yake?

Hapa kiwandani kila mtu anajua kemikali iko wapi. Iko chumba cha nyuma, chenye kufuli, wanakochovya vifungo vya viatu ili ving'ae. Watu wa kule ni sita, wanavaa buti na barakoa, na kila siku saa nne wanapewa pakiti ya maziwa ya kusafisha kifua. Tunawaita watu wa maziwa. Zamani sisi wa gundi tuliwahi kuomba maziwa nasi, Bwana Haraka akatujibu kwamba maziwa ni ya wenye kemikali, sisi tunachotumia ni dawa tu. Jambo likaishia hapo. Na kweli sisi wenyewe tunaiita dawa, dawa ya soli. Ni maji mepesi yenye harufu tamu. Tunafutia soli kwa kitambaa kabla ya kupaka gundi, tunaizimulia gundi ikiwa nzito, na saa ya kutoka tunanawia mikono kwa sababu sabuni haifui dafu mbele ya gundi.

Watu watatu wa kwanza niliwauliza. Unashika kemikali? Wakasema hapana, na mmoja akaongeza kwamba kama anashika, basi maziwa yake yako wapi. Kuanzia fomu ya nne sikuuliza tena. Nikaandika Hapana, Hapana, Hapana, kwa mwandiko safi, wao wakatia sahihi. Saa saba na nusu nilikuwa nimemaliza, na Bwana Haraka akanisifu mbele ya watu. Nilifurahi, sioni haya kusema.

Mvua. Saba.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nane. Kichwa kinagonga. Kwa wote, si kwangu tu.

Ijumaa, 14 Machi

Jua. Madirisha yalikuwa wazi nusu siku. Viwili tu. Cheche ameimba tangu asubuhi na kumwiga Bwana Haraka anavyotembea. Nikajisemea moyoni, kumbe mtu alikuwa anadeka.

Jumanne, 18 Machi

Mama ameniita nikamwone Cheche alipokuwa anaoga. Mapaja na mikono yote ina madoa meusi na ya zambarau. Mama akauliza nani amempiga. Cheche akasema hakuna, labda anajigonga mezani bila kujua. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba fizi zinatoka damu akipiga mswaki, tangu mwezi uliopita.

Nimempeleka zahanati. Tabibu akamvuta kope, akasema damu imepungua, akampa vidonge vya kuongeza damu na wiki mbili za kupumzika. Alipouliza kama kazini kwake kuna kemikali, Cheche akasema hapana. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikatingisha kichwa kukubaliana naye. Tabibu akaandika.

Mvua. Sikuhesabu, sikuwepo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa, ukuta wa mashariki unavuja. Kumi na tatu. Meza ya Cheche iko tupu, na Bwana Haraka amepita mara tatu akiitazama meza na kunitazama mimi. Mara ya tatu akasema wapo watu nje ya geti wanaoitaka nafasi hiyo.

Jioni nimemwambia Cheche kwamba kulala ndiko kunakomchosha, damu inataka mtu anayejongea. Akasema, “Haya dada, kesho twende.” Alikuwa amepumzika siku sita kati ya kumi na nne.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kumi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Kumi na mbili. Cheche anafanya kazi ameketi. Nimejifanya sioni.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekaa chini sasa, naweza kuandika.

Saa tatu asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa ishara. Nikamwona Cheche ameinama juu ya meza, nikadhani ni usingizi tena, na ukali ulikuwa umeshanifika kooni. Nilipomkaribia nikaona soli nyeupe zote mbele yake zimejaa damu. Ilikuwa inatoka puani. Si ile ya kudondoka, ilikuwa inatiririka. Jirani yake akachukua kitambaa cha mezani, kile cha kufutia soli, kimelowa dawa, akataka kumziba nacho. Mzee wa Stoo, ambaye sijui hata aliingia saa ngapi, akampokonya kitambaa na kukitupa mbali. Hajawahi kumgusa mtu yeyote chumba kile. Akavua koti lake akamzibia Cheche pua, akanifokea nifungue madirisha.

Nikasita. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Kulikuwa na jozi mia mbili mezani zinasubiri kukauka, na mimi nikasita, kwa muda wa kuvuta pumzi moja au mbili. Halafu nikafungua.

Damu haikukatika kwa dakika arobaini. Gari la kupelekea viatu ndilo lililotufikisha hospitali kuu, Cheche amelala juu ya maboksi, kichwa kwenye mapaja yangu. Njiani akaniuliza vimebanduka vingapi leo. Nikamwambia anyamaze.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamemwongezea damu chupa mbili. Daktari anayemshughulikia ni mwanamke wa makamo, mpole, anayeandika kila kitu. Leo alikuwa anamuuliza Cheche maswali ya historia na mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni. Ugonjwa wa utotoni, mimba, ukoo. Kisha akauliza kama watu wote wa hospitali wanavyouliza.

“Kuna dawa yoyote unayotumia?”

“Ya soli tu, daktari,” Cheche akasema. “Naivuta saa tisa kwa siku, Jumamosi nusu.”

Ulikuwa ni utani wake wa kawaida, nikafurahi kuusikia. Daktari naye alianza kutabasamu. Halafu akaweka kalamu chini.

“Dawa ya soli ni nini?”

Nikamweleza mimi, kwa sababu Cheche alikuwa amechoka. Nikaeleza kitambaa, makopo, mapipa, kunawa mikono, madirisha kufungwa wakati wa mvua. Nilianza kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni kazi. Katikati ya maelezo nikaanza kusikia ninachokisema.

“Mbona karatasi ya zahanati inasema hashiki kemikali?”

“Hatushiki,” nikasema. “Kemikali ni ya watu wa maziwa.”

Daktari hakunielewa, nikalazimika kumweleza na hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia, na bora angenikaripia. Akasema anataka jina lililoandikwa kwenye pipa, na analitaka haraka.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Kumi na vingapi, sijui.

Nilikwenda stoo saa ya mapumziko. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kupita mlango ule. Mapipa yamepangwa ukutani, yote yamepakwa rangi ya buluu ubavuni. Mzee akaniambia rangi hupakwa siku yanapofika, kwa amri, kufunika karatasi ya kiwanda yanakotoka. Akafungua droo, akatoa bahasha. Ndani yake mna karatasi moja, ameibandua kwa kisu siku moja kabla rangi haijafika. Ina fuvu la kichwa na maandishi ya kigeni.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema alimwambia Bwana Haraka mwaka wa kwanza, akajibiwa kwamba kazi ya stoo ni kutoa na kupokea.

“Na sisi je?”

“Nyinyi nilivaa glavu mbele yenu kila siku,” akasema. “Mkanipa jina.”

Nimechukua bahasha.

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari ameisoma karatasi. Akasema jina la hiyo dawa ni benzini. Nikasema basi ni petroli ya gari. Akasema hapana, ni ndugu yake, na ni mbaya zaidi. Inaingia kwa pumzi na kwa ngozi, inasafiri mpaka kwenye uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ambako damu inatengenezwa. Kwa wengine uboho unachoka na kuacha kutengeneza. Kwa wengine unaanza kutengeneza damu mbovu, na hiyo ndiyo saratani ya damu.

Walikuwa wameshamtoa Cheche uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga. Majibu yametoka leo. Damu mbovu imeanza. Bado haijawa saratani yenyewe lakini iko njiani, na ikiachwa itafika. Tiba ya kweli ni moja: apandikizwe uboho wa mtu mwingine unaolingana na wake. Anayeweza kulingana naye kwa urahisi ni ndugu wa baba na mama mmoja. Tuko wawili tu duniani wa baba na mama wale. Nikamwambia daktari anitoe damu sasa hivi, akanitoa.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari aliandikia kiwanda barua, nami ndiye niliyeipeleka. Meneja hakuniruhusu hata kukaa. Bwana Haraka alikuwepo. Wakafungua faili, wakatoa fomu ishirini na saba, wakazipanga mezani. Swali la saba: Hapana, Hapana, Hapana. Sahihi ishirini na saba. Bwana Haraka akaweka kidole juu ya mwandiko wangu, akauliza kwa upole kama ninautambua.

Nikasema ninautambua.

Meneja akasema barua ya daktari itajibiwa kwa fomu hizo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Cheche. Nilidhani nitalizungukazunguka lakini nimelitoa lote kwa pamoja: fomu, watu watatu niliowauliza, wale ambao sikuwauliza.

“Ya kwangu uliniuliza?”

“Hapana.”

“Niko umbali wa hatua mbili kutoka mezani kwako.”

Akageukia ukutani. Nimekaa mpaka saa ya wageni ikaisha, hakugeuka. Nimelia ndani ya choo cha hospitali, mlango umefungwa, maji yakiwa wazi ili nisisikike.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado haongei na mimi. Anaongea na mama, anaongea na binti yake kwa simu, anataniana na wauguzi. Mimi nikiingia anafumba macho. Nimempaka mafuta miguuni na hakuivuta, basi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeitwa na daktari, tukaingia kwa Cheche pamoja, kwa sababu alitaka tusikie wote wawili. Akasema tumelingana. Si kulingana kidogo, tumelingana kabisa, mara chache anaona hivyo. Nikacheka kwa sauti. Cheche akafumbua macho akanitazama, mara ya kwanza kwa wiki nzima.

Daktari hakucheka. Akageuza karatasi ya pili. Chembe nyeupe za damu yangu ziko chini sana, na zile nyekundu nazo zimepungua. Akaniuliza nimefanya kazi chumba kile miaka mingapi. Alikuwa ameshaandikiwa miaka hiyo, nadhani alitaka niitamke mwenyewe.

“Kwa damu hii siwezi kukutoa chochote,” akasema. “Uboho wako wenyewe unahema.”

Ninachoweza kufanya ni kukaa nje ya kile chumba, nisiiguse ile dawa wala kuinusa, na kupimwa kila baada ya wiki tatu. Damu inaweza kupanda yenyewe. Inaweza pia isipande. Na Cheche hana muda mrefu wa kusubiri.

Daktari alipotoka nilikuwa siwezi kuinua uso. Nilimleta pale kazini, nilimwandikia hapana, nilimtoa kitandani akiwa mgonjwa, na sasa kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa nimekiharibu kwa mikono hii hii. Niliyasema hayo kwa sauti, yote.

“Umemaliza?” Cheche akauliza.

“Nimemaliza.”

“Basi sikia. Hiyo damu kuanzia leo ni yangu. Wewe umeazimwa tu. Usiirudishe mle ndani hata kwa dakika moja, nitakudai.”

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua bado. Niko nyumbani kwa ruhusa ya ugonjwa. Bwana Haraka amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha mama, amesifia usafi wa nyumba. Ameniletea habari njema. Karani wa ofisi anahama, na nafasi ni yangu nikitaka. Jengo la mbele, ghorofani, hewa safi, hakuna gundi. Akasema amesikia daktari amenikataza chumba kile, basi hapo nitapona huku nikiwa kazini.

Halafu akasema mkaguzi wa usalama kazini atakuja Jumatatu ijayo, daktari amemwandikia naye barua. Ataziona fomu. Nikisema fomu ni sahihi, mambo yamekwisha. Nikisema si sahihi, basi mimi ndiye niliyewaandikia wenzangu uongo, na wenye sahihi zao watanishtaki mimi.

Alipoondoka mama akaniuliza kama hewa ya ghorofani ni safi kweli. Nikasema ni safi. Akasema basi damu ya mwenzako itapanda. Najua anachowaza, na simlaumu. Ana watoto wawili tu, na mmoja anaweza kumponya mwenzake kwa kukaa kimya na kuandika vizuri.

Jumamosi, 3 Mei

Tangu Jumatatu nawaza watu ishirini na watano. Nawajua mpaka saizi za viatu vya watoto wao. Mmoja ana mimba ya miezi mitano. Nimekwenda kumuuliza Cheche anaonaje. Akasema alishasema lake: damu isiingie mle ndani. Kuhusu mdomo hakusema kitu.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua nyepesi. Madirisha yote ya chumba cha gundi yalikuwa wazi, sakafu imepigwa deki, na kwenye meza kumewekwa makopo madogo yenye mifuniko ambayo sijawahi kuyaona. Mkaguzi ni mtu mrefu mwenye miwani, anaonekana ameona viwanda vingi. Bwana Haraka alikuwa na faili kwapani. Mimi nimesimama nje ya kizingiti, kwenye ukumbi, na sikuvuka.

Mkaguzi akazisoma fomu. Akawauliza wote kwa pamoja kama wanashika kemikali. Wakasema hapana, kwa moyo safi kabisa. Bwana Haraka akafunga faili. Mkaguzi akanigeukia, akaniuliza kama fomu hizi nimezijaza mimi na kama ni sahihi.

Nikashika fremu ya mlango.

“Nimezijaza mimi,” nikasema. “Niliwauliza watatu. Waliobaki sikuwauliza.” Halafu nikawaita wenzangu waliokuwa ndani. “Jamani. Nani hapa anashika dawa ya soli?”

Mikono yote ikainuka. Wengine walicheka, walidhani nawatania. Nani asiyeshika dawa? Mmoja aliinua mikono yote miwili, myekundu mpaka viwiko, ngozi imebanduka.

Mkaguzi hakucheka. Aliitazama mikono mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza dawa yenyewe iko wapi. Mzee wa Stoo alikuwa ameshasimama nyuma yangu na funguo mkononi.

Alhamisi, 8 Mei

Chumba kimefungwa kwa utepe. Watu wote wa gundi wamerudishwa nyumbani, na mimi nimeandikiwa barua ya kusimamishwa. Leo wawili wamekuja mpaka mlangoni kunitukana. Wanasema nimewafungia kazi ili nimpatie mdogo wangu tiba. Niliwasikiliza. Nikawaambia wakapimwe damu, daktari anawasubiri, kisha warudi wamalizie matusi.

Jumatano, 14 Mei

Wamepimwa kumi na tisa. Wanne wana damu kama yangu. Yule mwenye mimba yuko salama. Mmoja wa wale walionitukana ni kati ya wanne. Amenitumia ujumbe wa neno moja tu, pole, na sijui ananipa pole mimi au anaiomba.

Damu yangu: imepanda kidogo. Haitoshi.

Jumatatu, 2 Juni

Kavu, upepo. Yangu imepanda tena. Ya Cheche imeshuka, na amepata homa, wamemhamishia chumba cha peke yake ambamo tunaingia tumevaa barakoa. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Binti yake amemchorea picha, muuguzi ameibandika kwenye kioo kwa nje. Nikamuuliza daktari kama tutawahi. Akasema, “Naangalia karatasi zenu mbili kila asubuhi.”

Ijumaa, 13 Juni

Homa imeshuka. Nakula, nalala, natembea asubuhi mbali na barabara ya malori. Sijawahi kujitunza hivi maishani mwangu, na ninajitunza kwa hofu tupu.

Jumatatu, 23 Juni

Imetosha. Daktari amesema neno hilo tu. Walinitoa na uboho pia, wakaupima mara mbili.

Jumapili, 29 Juni

Nimelazwa tangu mchana, kitanda kiko ukumbi mmoja na chumba cha Cheche. Daktari amekuja kutuona sote wawili, mimi nimesimama mlangoni na barakoa. Wiki nzima nilikuwa na swali moja, na leo nimeliuliza. Kama dawa ile imekaa kwenye mifupa yangu miaka kumi na moja, si nitampa mdogo wangu ugonjwa uleule mara ya pili?

Daktari akasema uboho wangu leo hauna kasoro anayoweza kuiona, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini hawezi kuniapia miaka kumi ijayo, si kwa Cheche wala kwangu mimi.

Nikamtazama mdogo wangu. Nilitaka aseme kama bado anautaka.

“Miaka kumi?” akasema, kwa sauti iliyobaki nusu. “Jana mlikuwa mnanihesabia wiki.” Akapumzika kidogo, akafumba macho. “Dada, nenda kalale. Kesho unanirudishia uboho wangu mapema.”

Wataanza na mimi saa moja asubuhi.